Makala ya bure si makala hafifu

Wanafunzi wengi hapa Lamu huamini kuwa makala ya utafiti yanayosomwa bure mtandaoni hayajahakikiwa. Shaka hiyo inaeleweka. Lakini uchapishaji huria, uliotangazwa kwa tamko la Budapest mwaka 2002, humwondolea msomaji malipo, hauondoi uhakiki wa wataalamu.

Majarida laghai yapo, na yanaumiza: humtoza mwandishi ada bila kuhakiki chochote. Basi soma chini ya kichwa cha makala. Mara nyingi huandikwa tarehe ya kupokelewa na ya kukubaliwa. Zikiachana siku mbili tatu, jihadhari. Tazama na wahariri ni nani. Ukikwama, muulize mkutubi wa chuo. Ndiye pia anayehifadhi tafiti za chuo mtandaoni, hata aliyeketi uwanja wa Mkunguni na simu yake azisome bila kulipa.