Mtoto ana ugonjwa wa misuli, mbona na shule inamsumbua? Maswali na majibu

Ugonjwa ni wa misuli, masomo yanaingiaje hapo?

Yanaingia sana tu. Duchenne, aina ya ugonjwa wa kudhoofika misuli ambayo karibu wote wanaoupata ni watoto wa kiume, inatokea pale mwili unapokosa protini inayoitwa distrofini, na hiyo protini kazi yake haiko kwenye misuli peke yake, hata ubongo unaihitaji. Ndo maana mtoto anaweza kuchelewa kuongea, kusoma kukamsumbua, hesabu zikamgomea, na hapo sio uvivu wala malezi mabaya. Wapo walio vizuri kabisa darasani, ila karibu theluthi moja wana ulemavu wa akili wa kiwango fulani. Tofauti na misuli, kwa kawaida hili la kujifunza haliongezeki kadiri miaka inavyoenda.

Nikimtuma vitu vitatu anafanya kimoja, ni jeuri?

Hapana jamani, na hapa ndo watoto wengi wanachapwa bure, inaniuma sana. Wengi wao wanashindwa kushika maneno mengi kichwani kwa mpigo, ukisema weka begi, nawa mikono, lete daftari, la kwanza limebaki na mengine yameshapotea. Mpe agizo moja, likiisha ndo la pili, na umwambie arudie kwa mdomo wake. Ticha naye aelezwe, tena kwa maandishi: amkalishe mbele, amuongezee muda wa mtihani, asimlazimishe kunakili ubao mzima maana mikono inachoka.

Amekuwa na hasira, analia hovyo?

Angalia dawa kwanza. Steroidi kama prednisoloni zinasaidia misuli lakini zinaweza kubadilisha mudi, na kunenepa nako kunamuumiza mtoto anayetaniwa. Usizikatishe ghafla, ni hatari kweli, ongea na dokta anaweza kubadili dozi au aina ya dawa. Sababu nyingine ni majonzi, hasa miguu inapokaribia kugoma na kiti cha magurudumu kinakuja. Usonji na shida ya kutotulia pia vinawapata zaidi kuliko watoto wengine, kwa hiyo omba apimwe, usisubiri.

Alikuwa anafanya vizuri, siku hizi anasinzia darasani?

Kwa wale wakubwa hasa, inawezekana usiku hapumui vya kutosha. Akiamka kichwa kinamuuma na amechoka kama hajalala, mpeleke hospitali akapimwe kupumua usingizini.

Nimwambie ukweli kuhusu ugonjwa?

Mwambie, kwa kiasi anachouliza. Watoto wanajua kuna kitu, ukinyamaza atahisi ni kosa lake au atayakuta mtandaoni akiwa peke yake. Akiuliza kama ataacha kutembea usimdanganye, mwambie miguu itachoka na kiti kitamfikisha kwa marafiki, halafu muache aulize tena hata kama ni wiki ijayo. Na ndugu zake waelezwe pia, wana maswali wanaogopa kuuliza.