Je, wajua kwa nini mshindi wa mnada anaweza kuondoka na hasara?

Usiku wa kuamkia Jumatatu ya 12 Oktoba 2020, mzee wa miaka 83 alivuka barabara na mkewe kule Stanford, California, kwenda kupiga hodi kwa jirani. Ilikuwa kama saa nane na robo usiku. Akabonyeza kengele, akagonga, akaita. Jirani amelala fofofo na simu hapokei. Mzee huyo ni Robert Wilson. Jirani ni Paul Milgrom, mwanafunzi wake wa zamani, na habari yenyewe ni kwamba wote wawili wameshinda Nobel ya uchumi, ila watu wa Sweden wanamtafuta Milgrom hawampati. Kamera ya mlangoni ilinasa kila kitu. Mke wa Milgrom alikuwa Stockholm wakati huo, simu yake ikamwashiria kuna mtu mlangoni, akabaki akitazama mumewe anavyopewa habari akiwa na usingizi machoni.

Walishinda kwa kazi yao juu ya minada. Mtu wa Mbeya anaweza kucheka: mnada nao una nini cha kusomea mpaka upewe Nobel? Twende Mafinga kwanza.

Mwenye shamba la misonobari anataka kuuza miti ingali imesimama. Wanakuja wanunuzi wanne, kila mmoja kwa wakati wake. Wanazunguka, wanahesabu mistari, mmoja anaukumbatia mti apime unene kwa mikono yake. Mbao ngapi zitatoka humo hakuna anayejua, na hatajua mpaka mashine ya kupasulia ianze kunguruma. Basi kila mtu anakadiria, anataja bei, na mwenye bei kubwa anachukua.

Tuseme shamba lile kweli lina mali ya milioni 8. Wa kwanza amekadiria 6, wa pili 7.5, wa tatu 8.5, wa nne 10. Jumlisha, gawa kwa 4, unapata 8 kamili. Yaani kwa pamoja wamepatia. Lakini shamba haliendi kwa wastani. Linakwenda kwa wa nne, ambaye kati ya wote ndiye aliyepotoka zaidi kwenda juu. Akilipa alichokadiria, milioni 2 zimekwenda na maji, na jioni hiyo bado anawanunulia wenzake soda.

Hii huitwa laana ya mshindi. Walioiandikia kwanza hata hawakuwa wachumi: mwaka 1971 wahandisi watatu wa kampuni ya mafuta Marekani walijaribu kueleza kwa nini kampuni zilizoshinda vitalu vya mafuta kwenye Ghuba ya Mexico ziliishia na faida duni. Wilson akaja na hesabu zake, akaonyesha kwamba mnunuzi mwenye akili hutaja bei iliyo chini ya makadirio yake mwenyewe. Wala si ubahili. Anajiuliza mapema: nikishinda, ina maana wenzangu wote wameona mali hii ni ndogo kuliko nilivyoona mimi, je, wao ndio vipofu au ni mimi?

Sasa mgeukie mwenye miti. Wanunuzi wakiogopa hivyo, bei inashuka, na anayeumia ni yeye. Hapo ndipo Milgrom alipoingia. Kwenye zabuni ya bahasha kila mtu yuko gizani. Kwenye mnada wa wazi, bei ikipanda hatua kwa hatua, unawaona wenzako nani amejitoa na nani bado anang'ang'ania, na kila anayebaki anakupa fununu ya anachokijua. Woga unapungua, na kwa kawaida muuzaji anapata zaidi.

Ila si kila mnada una laana. Jumapili baada ya ibada, makanisa mengi ya Mbeya, Rungwe na Iringa hunadi nje sadaka zilizoletwa kama mazao. Jogoo amefungwa miguu, mzee wa kanisa amemwinua juu, "elfu ishirini mara ya kwanza, mara ya pili..." Mtu anamchukua kwa elfu hamsini, kisha anamrudisha: nadi tena! Jogoo mmoja ananunuliwa mara tatu na hajaondoka uwanjani. Hapo hakuna aliyekosea makadirio, maana bei ya jogoo sokoni kila mtu anaijua. Anachonunua kila mmoja ni cha kwake moyoni, na Milgrom alizipa hesabu pande zote mbili: thamani iliyo moja kwa wote, kama ya miti ile, na thamani ya mtu binafsi, kama ya jogoo huyu.

Faida yake ilionekana kwenye masafa ya simu. Marekani iliwahi kuyagawa kwa bahati nasibu. Mwaka 1994 ikatumia mnada waliousuka Wilson na Milgrom, leseni zote zikinadiwa kwa pamoja raundi baada ya raundi: leseni 10, raundi 47, dola milioni 617. Kwetu Tanzania, mamlaka ya mawasiliano, TCRA, nayo ilinadi masafa mwaka 2018 na tena 2022.

Sherehe zenyewe? Kwa kawaida hufanyika 10 Desemba, siku aliyofariki Alfred Nobel mwaka 1896: mfalme wa Sweden anakabidhi medali, kisha karamu kubwa katika jumba la jiji la Stockholm. (Nobel mwenyewe hakuacha tuzo ya uchumi, benki kuu ya Sweden ndiyo iliyoianzisha mwaka 1968 kwa kumbukumbu yake.) Mwaka 2020 korona ilifuta karamu, medali zikawafuata washindi waliko, na Stockholm wakaalikwa miaka 2 baadaye.

Siku ile ya habari, mwandishi alimuuliza Wilson kama amewahi kununua kitu mnadani. Akajibu hajawahi. Mkewe akamkumbusha: si tulinunua viatu vya kutelezea kwenye theluji kule eBay, kwenye mnada wa mtandaoni?