"Weka kila kitu, mwanafunzi atachagua mwenyewe": hapana jamani

Hii kauli nimeisikia mpaka basi, kwa wakuu wa shule, kwa walimu wa taaluma, kwa wenye tuisheni za Mwanga na Ujiji, yani kila anayetaka nimtengenezee websaiti ya masomo anaanza nayo. Wanaamini vitufe vikiwa vingi ndo mwanafunzi amepewa uhuru. Sio kweli. Mtoto akifungua ukurasa akakutana na vitufe thelathini hachagui kitu, anabonyeza cha juu au anafunga anarudi zake WhatsApp.

Mtu anachagua akiwa na taarifa. Angalia mafaili tunayoletewa na walimu, jina lake "notisi_mpya_final2.pdf". Sasa mwanafunzi wa kidato cha tatu yuko likizo Kasulu, kaazimwa simu ya mama nusu saa, bando lenyewe MB 500 na mama analitegemea kwa mambo yake, atajuaje hilo faili ni la somo gani na litakula MB ngapi? Anadaunlodi, linafika katikati linakata, kumbe ni daftari limepigwa picha kurasa 40, picha moja MB 3, hapo tayari ni MB 120 za kusoma mada moja. Mi naandika hivi: Kemia kidato cha 3, dhana ya moli, kurasa 6, KB 300, dakika 20, pitia kwanza alama za elementi. Mstari mmoja tu, na hapo ndo mtoto anaweza kusema hii naimaliza leo, ile ya video ngoja nipate WiFi. Na notisi zichapwe jamani, za kuchapwa ni nyepesi na neno unalitafuta unalipata, picha ya daftari haikupi hiyo.

Kwenye tahasusi, yani mchanganyiko wa masomo ya kidato cha tano na sita, ndo nachoka kabisa. Mwaka 2024 ziliongezwa tahasusi mpya 49 juu ya zile 16, zikawa 65, na ukifika msimu wa Selform, ile fomu ya kuchagua tahasusi, naambiwa nizipange zote kwenye jedwali moja refu. Mtoto aliyekua akisikia PCM (Fizikia, Kemia, Hisabati), PCB (Fizikia, Kemia, Biolojia) na HKL (Historia, Kiswahili, Kiingereza) atafanya nini na mistari 65 kwenye kioo cha simu? Ataandika aliyoandika rafiki yake. Aanze na masomo aliyofaulu, ukurasa umbakizie zinazomhusu, na chini ya kila moja aone inafungua kozi gani na inafunga zipi. Ukichukua PCM umeacha Biolojia, na bila Biolojia udaktari wa binadamu hauupati, hilo alione kabla hajabonyeza na sio akiwa kidato cha sita. Orodha kamili iwepo, ila iwe linki kule chini.

Kuna na hii ya kumuuliza mtoto anajifunza kwa macho, masikio au vitendo, afu apewe masomo ya aina yake tu. Mwaka 2008 mwanasaikolojia Harold Pashler na wenzake watatu walipitia tafiti za hiyo nadharia wakakuta ushahidi wa kufundisha hivyo hautoshi. Ramani ni ya kuangalia, hata mtoto awe anapenda kusikiliza kiasi gani. Hela ya kutengeneza hayo weka kwenye maswali, maana watafiti wa kumbukumbu Roediger na Karpicke mwaka 2006 walionyesha kwamba baada ya wiki, waliojipima wanakumbuka zaidi kuliko waliorudia kusoma. Mwanafunzi achague maswali 5 au 20, mepesi au magumu, ila jibu lisitokee mpaka ajaribu. Hapo sibembelezwi.

Wengine wananiambia "Lazima ing'ae, picha ziteleze." Kurasa za matokeo ya NECTA, Baraza la Mitihani, ni majedwali matupu na mzazi wa Uvinza anazifungua kwa simu yake ya kawaida.

"Tuanze na app." Simu ya mama imejaa, ataiweka wapi?

"Shuleni hakuna intaneti kwahiyo tusahau." Kuna Kolibri, programu ya masomo ya shirika la Learning Equality, ni bure, unaiweka kwenye kompyuta moja, wanafunzi wanaunganishwa na rauta humohumo shuleni wanasoma bila intaneti, na Kiswahili kipo. Mashine moja nzima inatosha kuanzia, sio lazima msubiri maabara ya kompyuta 40.

Kwahiyo ukinitafuta usije na rangi za nembo kwanza. Njoo na orodha ya mafaili, kila faili somo lake, kidato, kurasa, ukubwa na dakika za kusoma, pamoja na mwalimu mmoja atakayekuwa anaziangalia kila mwezi na kufuta zilizopitwa. Tukishakuwa na hiyo orodha, ukurasa wa mwanzo tunaupanga siku hiyohiyo.