Rush hawakuanza kupiga sintesaiza miaka ya 1980

Mashabiki wengi wa roki husimulia kwamba Rush, bendi ya watu watatu kutoka Toronto, Kanada, ilikuwa ya magitaa matupu hadi miaka ya 1980, kisha ikafuata mkumbo wa sintesaiza, yaani kinanda cha umeme kinachounda sauti zake chenyewe. Si kweli.

Sikiliza sekunde za kwanza za albamu ya 2112, ya mwaka 1976: sauti inayokukaribisha ni ya sintesaiza. Mwaka uliofuata, katika A Farewell to Kings, Geddy Lee, mwimbaji na mpiga besi wa bendi, alikuwa tayari anapiga Minimoog, aina ya sintesaiza, pamoja na pedali za besi. Sababu yake ilikuwa ya kikazi kabisa. Walikuwa watatu na hawakutaka kuongeza mtu, kwa hiyo Lee aliimba, akapiga besi na vinanda kwa mikono, na nyayo zake zikabonyeza pedali. Jukwaani hilo ni jambo la kustaajabisha, na linastahili heshima kuliko linavyopewa.

Kilichobadilika kwenye Signals, mwaka 1982, ni uzito: kinanda kikasogea mbele, gitaa la Alex Lifeson likarudi nyuma, na nyimbo, ambazo zilikuwa zimeanza kufupishwa tangu Permanent Waves ya 1980, zikabaki fupi. Lifeson mwenyewe hakufurahia kusukumwa pembeni. Gitaa lilirudi kwa nguvu katika Counterparts ya 1993, na Vapor Trails ya 2002 haina kinanda hata kimoja.