Radi Haingoji Kidole Chako

Ukikaa na kamera ufuo wa Dunga, Kisumu, kando ya Ziwa Victoria, jioni yenye mawingu, utapewa ushauri wa bure wa kupiga picha za radi na mvua mpaka uchoke. Mwingi ni wa uongo, na mimi niliuamini miaka mingi.

Wanasema radi ni ya mwenye kidole chepesi. Nilibonyeza mpaka kidole kikafa ganzi, nikarudi nyumbani na picha tele za giza. Kidole huchukua karibu sehemu ya tano ya sekunde kuitikia kile jicho limeona, na radi haina subira hiyo. Usiku shata, kile kipazia kinachoingiza mwanga kwenye kamera, hufunguliwa mapema: kamera juu ya stendi, ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) 100, tundu la lenzi f/8, shata wazi sekunde 15 hadi 30, kisha unarudia na kurudia mpaka radi ijilete yenyewe. Mwenye simu na arekodi video, baadaye achomoe picha humo. Flashi izime. Haifiki kwenye wingu. Itakuonyesha matone ya mvua na kisogo cha mwenzako.

Eti mvua haina saa. Kisumu inayo, siku nyingi. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko ziwa, basi upepo wa ziwani husukuma hewa yenye unyevu hadi ikagonge miinuko ya Nandi na Kericho, na alasiri mawingu yanajazana huko. Usiku upepo hugeuka, ngurumo zikahamia majini. Wavuvi wa omena, wale dagaa wa ziwani, wanaokesha na taa zao ziwani, wanaijua ratiba hiyo kuliko mpiga picha yeyote.

Mmoja wao, mzee, aliwahi kunikuta chini ya mti na stendi yangu. Nikamwambia hapa hakuna mvua bado, tena nimevaa raba. "Mwanangu," akasema, "radi imeruka anga yote hiyo, itashindwa na soli?" Kweli tupu. Radi huweza kupiga zaidi ya kilomita 10 kutoka mvua inakonyesha, na mti ndio mahali pabaya kabisa pa kujikinga. Hesabu kutoka mmweko hadi ngurumo: kila sekunde tatu ni kama kilomita moja. Ila ukiisikia tu, umeshafikika. Ingia kwenye nyumba au gari lililofungwa, ukae mpaka dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho. Gari hukukinga kwa bodi lake la chuma, si kwa matairi, kwa hiyo bodaboda haikusaidii kitu. Hata hivyo mzee naye alikosea: aliniamuru nizime simu, eti inavuta radi. Haivuti.

Kosa linaloniuma zaidi ni la mwanga. Watu wote huelekeza simu magharibi, kwenye machweo. Geuka! Mvua ya alasiri mara nyingi iko mashariki, kwenye miinuko, na upinde wa mvua hutokea upande ulio kinyume na jua, jua likiwa chini ya nyuzi 42 kutoka upeo wa macho, yaani hapa kwetu kuanzia kama saa kumi alasiri. Picha yangu niipendayo ni ya mama muuza samaki amefunika beseni kwa nailoni, matone yangali yanang'aa juu yake, na nyuma milima ya Nandi imekuwa zambarau. Wenzangu watano walikuwa wamempa mgongo.

Na usidanganywe na video za Ulaya zinazoahidi saa nzima ya mwanga wa dhahabu kabla ya machweo. Karibu na ikweta jua hushuka wima. Nyuzi sita za mwisho humalizika kwa dakika 24 hivi. Ukienda kununua soda, umekosa.

Kuna na ule moshi mweusi unaosimama juu ya ziwa, hasa siku za mwezi mwandamo. Mgeni hudhani mtumbwi unaungua. Ni wadudu wa ziwani, mamilioni, waliotoka majini kwa pamoja. Hawaumi, na kwa mbali hupendeza mno kwenye picha. Wakikufikia, funga mdomo kwanza, kisha bonyeza.