Mzee akianguka, fungua kwanza mfuko wake wa dawa

Mama yangu ana miaka 74. Mwezi huu ameanguka mara mbili, zote alfajiri akiamka kwenda kutawadha. Majirani wanasema ni uzee tu. Ni kweli?

Uzee umo, lakini hilo neno "tu" limewaponza wazee wengi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 684,000 hufa kila mwaka kwa kuanguka, na wanaokufa zaidi ni wenye umri wa miaka 60 na kuendelea. Anguko lina sababu, na sababu hutafutwa.

Saa aliyoangukia mama yako inasema mengi. Mtu akiinuka, damu hushukia miguuni. Kijana mishipa yake hujikaza na moyo huongeza kasi papo hapo, ubongo haupungukiwi. Mwili wa mzee huchelewa, na akiwa anameza dawa za presha huchelewa zaidi. Macho yanaingia giza, magoti yanalegea, yuko chini.

Hili hupimika. Alale dakika 5, apimwe presha, kisha asimame na apimwe tena baada ya dakika 1 na dakika 3. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, umepata jambo la kumweleza daktari. Mara nyingi mzee hupimwa akiwa amekaa tu, na akiwa amekaa presha inaweza kuwa nzuri kabisa. Omba apimwe amesimama, usione haya. Kwa sasa, akiamka akae kwanza ukingoni mwa kitanda, achezeshe nyayo, avute pumzi kidogo, ndipo asimame akiwa ameshika kitu.

Ni dawa zipi hasa zinazoangusha?

Za presha nimeshazitaja. Zinazonitia hofu zaidi ni za usingizi, kama diazepamu. Mwili wa mzee huchukua siku kadhaa kuimaliza, kwa hiyo kidonge cha leo kinapanda juu ya cha jana na cha juzi. Asubuhi familia inasema "leo mzee kaamka mzito", kumbe ni dawa. Amitriptilini, ambayo hutolewa kwa miguu inayowaka moto, nayo hulevya na hushusha presha mtu anaposimama. Tramadoli ya maumivu ni hivyo hivyo. Hata Piriton, ambayo watu huinunua dukani kama pipi mafua yakibisha hodi, humchanganya mzee na kumpa usingizi.

Kwa wenye kisukari, angalieni glibenklamidi na insulini. Mzee akimeza dawa halafu akala vijiko viwili vya uji, sukari inaweza kushuka na kubaki chini kwa saa nyingi. Si lazima atetemeke na kutoka jasho. Wengine huanza tu kuongea yasiyoeleweka, kisha wanaanguka.

Dawa ya kukojoza ikimezwa jioni humwamsha usiku mara tatu nne kwenda chooni gizani. Mara nyingi kuihamishia asubuhi kunatosha, ila muulize aliyeiandika. Baadhi ya dawa za tezi dume nazo hushusha presha mzee anaposimama.

Basi nimwachishe?

Hapana. Dawa ya presha ikiachwa, kiharusi kiko jirani. Diazepamu iliyotumika muda mrefu ikikatwa ghafla inaweza kuleta degedege. Hupunguzwa kidogo kidogo.

Fanya hivi: chukua mfuko, tia kila anachomeza. Vya kliniki ya presha, vya kliniki ya sukari, vya dukani, alivyoletewa na mjukuu kutoka mjini, na mitishamba yake pia. Upeleke kwa daktari au mfamasia mmoja avione vyote pamoja. Kwa kila kimoja uliza: ni cha nini, bado anakihitaji, kinywewe saa ngapi? Zikifika dawa 4 au zaidi hatari ya kuanguka hupanda, na mara nyingi kila aliyeandika hakujua ya mwenzake.

Baba anasisitiza kufunga Ramadhani na ana presha na kisukari.

Mpeleke kwa daktari kabla mwezi haujaandama. Kosa ninaloliogopa ni kukusanya dawa za kutwa nzima na kuzimeza zote wakati wa kufuturu. Mwili umekauka maji, presha inaporomoka, na anaangukia tarawehe. Akiinuka kutoka sijida asifanye haraka. Na asiyeweza kusimama dini imemruhusu kuswali amekaa.

Mzee wetu hamezi dawa yoyote, lakini anayumba.

Mwili husimama kwa kusikiliza vitu vitatu: macho, sikio la ndani na nyayo. Kisukari kikishaua hisia za nyayo na mtoto wa jicho akiwa ameziba macho, limebaki sikio peke yake. Ndiyo maana mzee anayetembea vizuri mchana huanguka usiku taa ikizimwa. Mtoto wa jicho hupasuliwa. Ganzi ya miguu ichunguzwe. Kwa waliotumia metformini, dawa ya kisukari, miaka mingi huenda vitamini B12 imepungua.

Kizunguzungu kinachokuja akigeuka kitandani na kuisha chini ya dakika moja mara nyingi ni chembe ndogo zilizohama ndani ya sikio. Mtaalamu huzirudisha kwa kumgeuzageuza kichwa kwa utaratibu maalumu, bila kidonge. Inasikitisha kuona wazee wakimeza sinarizini miezi na miezi kwa tatizo hili, na dawa hiyo yenyewe huleta usingizi, hata mitetemeko na kukakamaa.

Misuli nayo hurudi, hata akiwa na miaka 80. Ainuke kitini na kukaa mara 10 asubuhi na jioni, bila kujisukuma kwa mikono akiweza, mtu akiwa karibu naye. Kandambili zilizolegea, khanga inayoburuta na mkeka uliokunjika pembe viondoke njiani.

Akianguka nifanye nini?

Msimvute juu haraka. Mguu ukionekana mfupi kuliko mwenzake na umegeukia nje, nyonga huenda imevunjika; asisimamishwe. Akigonga kichwa na anatumia dawa ya kuzuia damu kuganda, kama wafarini, aende hospitali siku hiyo hiyo hata akisema yuko salama. Damu inaweza kuvuja polepole ndani ya fuvu. Maumivu ya kichwa, usingizi mwingi au kuchanganyikiwa huweza kuanza wiki kadhaa baadaye, wakati kila mtu nyumbani ameshalisahau lile anguko, kwa hiyo iandikeni tarehe.