Lile wingu jeupe si mvuke

Nyuma ya chumba cha kufulia cha hospitali kubwa, au kando ya boila ya kiwanda cha chai kule Kericho, kuna bomba fupi juu ya tangi linalotoa wingu jeupe asubuhi hadi jioni. Mtu hupita, huelekeza kidole na kusema, "Mvuke unapotea pale." Siku chache baadaye trapu zote za laini, yaani vali za kwenye mabomba ya mvuke zinazoachia maji na kuuzuia mvuke, zimefunguliwa, mpya zimeagizwa na kufungwa, na wingu lingali pale pale.

Mvuke ni maji yaliyogeuka gesi. Hauna rangi na hauonekani, kama hewa isivyoonekana. Hicho cheupe ni matone madogo mno ya maji, yaliyojitokeza baada ya mvuke kukutana na hewa iliyopoa. Ndugu yake ni ukungu wa alfajiri. Tazama mdomo wa birika linalochemka: kati ya mdomo na pale wingu linapoanzia kuna nafasi ndogo inayoonekana tupu. Mvuke uko hapo penye utupu, na hapo ndipo panapounguza zaidi.

Lugha nayo imechangia. Neno mvuke lina udugu na kufuka na kufukiza. Chungu hufuka, udi hufukizwa, mgonjwa hujifukiza chini ya blanketi, au kama wasemavyo Tanzania, hupiga nyungu. Katika ukoo huo wote, shahidi ni jicho na pua: kitu kimepanda, kimeonekana, kimenukia. Garimoshi ni mfano mzuri zaidi. Kilichosukuma magurudumu ni mvuke, lakini ulikuwa umefungiwa ndani ya silinda, hakuna aliyeuona. Moshi ndio uliotoka juu, basi moshi ukapewa sifa yote. Halafu likaja stima, kutoka neno la Kiingereza la meli ya mvuke. Pwani likabaki baharini. Kenya likapanda nchi kavu na kuwa umeme, hata leo taa zikizimika watu husema stima imepotea. Kwa hiyo neno lililozaliwa na mvuke limeuacha mvuke bila jina lake, na fundi wa boila akalazimika kuazima tena, sasa anasema stimu. Kule Olkaria, ambako mtambo wa kwanza ulianza kuzalisha mwaka 1981, mvuke wa ardhini unazungusha tabaini ili tupate stima. Hata pale, mawingu meupe yanayopigwa picha na wageni siyo yanayozungusha chochote.

Nyumbani mkanganyiko huu haumdhuru mtu. Kwenye mabomba unakula pesa, kwa sababu wingu lile lile jeupe linaweza kutoka kwenye vitu viwili tofauti kabisa.

Cha kwanza ni mvuke hai, yaani uliotoka boila ukapita trapu bila kufanya kazi. Huo kweli ni hasara. Cha pili mafundi wanakiita flashi. Mvuke wa presha ya baa 7 kwenye geji una joto la nyuzi 170. Ukishatoa joto lake kwenye radieta ya kikaushio cha chai, unageuka kondenseti, yaani maji, lakini maji ya nyuzi karibu 170 zile zile, yaliyozuiwa kuchemka na presha tu. Trapu ikiyaachia kwenye bomba lisilo na presha, hayawezi kubaki maji yote juu ya nyuzi 100. Joto la ziada linachemsha sehemu yake papo hapo. Hesabu yake ni fupi: kilo moja ya maji hayo imebeba kilojuli 721 za joto, maji ya nyuzi 100 hubeba 419, na kugeuza kilo moja kuwa mvuke kwenye presha ya hewa kunataka 2,257. Toa, kisha gawanya: asilimia 13 na ushee. Kila kilo 100 za kondenseti, kilo 13 zinaruka kuwa mvuke hata kama trapu ilifungwa jana na iko timamu. Kericho, penye mwinuko wa kilomita mbili hivi juu ya bahari, maji huchemka kwenye nyuzi kama 93, kwa hiyo flashi inaongezeka kidogo.

Wingu hilo halitibiwi kwa trapu mpya. Linatibiwa kwa kulitumia: lipitishe kwenye chombo cha kutenganisha flashi, au lipashe maji yanayoingia boila. Kila nyuzi 6 unazoongeza kwenye maji hayo huokoa takriban asilimia moja ya kuni au mafuta.

Kutofautisha viwili hivi kunahitaji vali ndogo ya majaribio baada ya trapu, inayofungukia hewani, na ni ajabu jinsi laini nyingi zinavyojengwa bila hiyo. Funga njia ya kondenseti, fungua vali, simama pembeni. Flashi hutoka pamoja na maji, nyeupe tangu mdomoni, legevu, na kwa trapu nyingi hutoka kwa vipindi. Mvuke hai hutoka kwa kasi na mvumo usiokatika, na kati ya mdomo na wingu kuna ile nafasi tupu ya birika, safari hii ndefu zaidi. Usiupime kwa mkono utupu huo. Trapu ni za aina nyingi. Ile ya kisahani ikiwa nzima husikika ikigonga mara chache kwa dakika. Ikichoka hugonga mfululizo kama cherehani. Ile ya ndoo iliyopinduliwa, ikipoteza maji yanayoiziba chini, hupitisha mvuke moja kwa moja, na mara nyingi haijaharibika: funga vali ya kuingilia, acha maji yajikusanye, fungua polepole.

Na ile bastola ya kupimia joto inayopendwa siku hizi? Inafaa kwa trapu iliyoziba, kwa sababu upande wa kuingilia utakuwa umepoa. Kwa trapu inayovujisha haisemi kitu. Baada ya trapu, mvuke hai na flashi vyote vina joto la presha ya bomba lile, kwa hiyo namba ni moja. Hapo tumia sikio, au kifaa cha kusikilizia mawimbi ya sauti.

Mtu akishakubali kwamba cheupe ni maji, msemo wa "mvuke mkavu" hauchekeshi tena. Mvuke mkavu ni ule usiobeba matone. Uliolowa umebeba, na matone hayo yameshatoa sehemu kubwa ya joto lake njiani. Ndiyo maana vifurushi vya upasuaji hutoka vimelowa kwenye kisafishio cha hospitali kinachoua vijidudu kwa mvuke ilhali geji inaonyesha presha sahihi. Kosa liko kwenye mabomba. Bomba kuu lishuke sentimita 1 kwa kila mita 1 kuelekea mvuke unakokwenda, liwe na kifuko cha kukusanyia maji chenye trapu yake kila mita 30 hadi 50, na matawi yachukuliwe juu ya bomba, kamwe si chini. Ridyusa, yaani kiungo cha kutoka bomba pana kwenda jembamba, iwe ya upande mmoja bapa, na ubapa ukae chini. Ile inayopungua pande zote sawasawa hujenga kidimbwi cha maji. Mvuke husafiri mita 25 hadi 40 kwa sekunde, na ukikikuta kidimbwi hukibeba kizima hadi kwenye kona ya kwanza. Mlio wa kugonga unaosikika hapo, ambao watu huuita "hewa kwenye bomba", ni maji yakipiga chuma, na umeshapasua vali nyingi.

Kwa hiyo kwenye daftari la zamu, badala ya "mvuke unavuja kwenye tangi", andika ulichokiona: "wingu jeupe kwenye bomba la tangi, linatoka kwa vipindi" au "linatoka mfululizo kwa mvumo". Anayekuja zamu ya usiku atajua aanzie vali ipi.